Siku Moja ya Mama Kupumzika

Ratiba ya siku ya mama kuingia mjini aliiandika binti yake, mshonaji wa sare za shule, nyuma ya karatasi ya kukatia kola. Saa tatu asubuhi kumpokea stendi. Teksi, asitembee. Kuoga maji ya moto, kula, kulala. Saa kumi jioni bustanini, akae kwenye benchi atazame maghorofa. Usiku alale mapema. Ya kesho yake hakuyaandika. Kesho ndipo mama angeambiwa kwamba kitinda mimba wake yuko chumba cha maiti tangu juzi.

Wifi ya mshonaji, mjane wa siku mbili, hakuafiki. Alisema msiba haungoji mtu ashibe. Mshonaji akashikilia lake: mama alikata tiketi mwezi mzima nyuma kuja kumwona mjukuu mchanga, amekaa kwenye basi siku mbili, ukimpasulia habari hiyo stendi, katikati ya mizigo na makelele, utazika wawili. Ndugu wakaombwa wasimpigie simu.

"Haya, ni mama yako," wifi alisema, akaenda kukaa kwa dada yake asije akaonekana na macho yaliyovimba kwa kulia.

Stendi mama aliuliza mwanawe yuko wapi. Akaambiwa yuko kazini nje ya mji, atarudi kesho.

Ratiba ilikuwa na kila kitu ila lifti. Wao walikaa ghorofa ya saba, na marehemu alikuwa fundi lifti. Alianguka kwenye shimo la lifti ya jengo la ofisi. Mama alipoingia tu kwenye lifti ya nyumbani, akapapasa ukuta wa bati kama anayempapasa ng'ombe wake. Akamgeukia jirani aliyepanda nao, mwalimu mstaafu wa ghorofa ya tano.

"Unajua nani anazitengeneza hizi? Mwanangu. Nilikuwa namchapa kwa kupanda miti, leo anapandisha mji mzima."

Akacheka mwenyewe. Mwalimu akatazama viatu vyake, akashuka ghorofa ya tatu, kabla ya kwake.

Na siku ikaenda kama ilivyopangwa, tena vizuri kupita kiasi. Mama aliimba bafuni. Alikula akaongeza. Alimpakata mjukuu, akasema masikio haya kayaiba kwa mjomba wake, akacheka mpaka akajifuta machozi, kisha akalala fofofo. Mshonaji akabaki na vyombo kwenye sinki, mikono imeganda majini. Kesho, aliwaza, mama atairudia siku hii saa kwa saa, na kila saa atajikuta anacheka.

Saa kumi na robo mama alitoka amevaa nguo safi. Kabla ya bustani, alisema, apande na kushuka lifti mara mbili, ili kesho amwambie fundi kwamba amezikagua. Mshonaji alisimama mbele ya kitufe cha lifti, mtoto begani, asikibonyeze.

"Mama, kesho harudi. Alianguka kazini juzi. Amefariki."

Mama aliketi sakafuni, mgongo ukutani. Akauliza kama yule mwalimu wa kwenye lifti alikuwa anajua. Mshonaji akasema alijua. Mama akajifunika uso kwa viganja.

"Nilitaka upumzike, mama. Siku moja tu."

"Nani anakaa naye huko?"

"Chumba cha maiti hawaruhusu kukaa. Wanafungua asubuhi, watu wanaingia kumwona."

"Basi nipeleke."

Mshonaji alimhamishia mtoto bega la pili.

"Wanafunga saa kumi, mama."

Mama aliondoa viganja usoni. Alimtazama binti yake bila hasira, kama anayemtafuta mtu.

"Leo ningekuwa nimeshamwona," alisema.

Mshonaji akaketi sakafuni kando yake. Mtoto alianza kulia njaa, wala hakuna aliyembembeleza.