Muhuri kwenye Sauti ya Opendi

Mimi nanusa uongo ukiwa bado mdomoni mwa mtu, haujafungua mlango. Sokoni Busia wananijua: nikikaribia mizani, mwenye mizani anaondoa kidole. Ndivyo nilivyojisifu maisha yangu yote. Halafu mwezi wa saba uongo mmoja ukaja nyumbani kwangu Nabuyoga, nami nikaukaribisha, nikaulaza karibu na mto wangu wa kulalia, nikawa nauamsha kila asubuhi kabla sijamwamsha Mungu.

Opendi, kitinda mimba wangu, alikuwa mchuuzi wa samaki. Alinunua mukene, wale dagaa wa ziwani, kule ufukweni Majanji, akazivusha Busia, na zikishavuka mpaka zinaitwa omena na bei inapanda. Samaki ni yule yule, amekauka vile vile, wala hajui kwamba amebadilisha uraia. Mwanangu alilicheka sana jambo hilo. "Mama," aliniambia, "siku moja nitakuvusha na wewe, labda utapanda bei."

Biashara yake ilikwenda kwa sauti. Wateja wake hawakupenda kuandika. Walibonyeza simu, wakasema bei, wakaachia. Sasa mteja mmoja wa upande wa Kenya akaja kuikana sauti yake mwenyewe, akasema imekatwa na kushonwa upya. Opendi akaenda kwa Akiror, binti wa Kiteso anayetengeneza simu pale karibu na mpaka, naye akamwekea programu ya kupiga muhuri. Tangu hapo kila sauti iliyorekodiwa kwenye simu ile ilipigwa muhuri yenyewe, bila kuombwa. Akitaja bei, muhuri. Akikohoa, muhuri. Nikamwambia, "Wewe, iko siku utapiga muhuri ushuzi wako."

"Tayari, Mama," akasema. "Na hakuna wa kuukana."

Mwaka huu, mwezi wa tano, alinunua simu mpya. Ile ya zamani, yenye kioo kilichopasuka, akamwachia baba yake asikilizie redio. Baadaye Mzee Owori, mume wangu, alisema imekufa, nami sikuomba kuona maiti.

Mwezi wa sita ziwa lilichafuka, na boti aliyopanda Opendi ikapinduka. Wenzake walipatikana mmoja mmoja, maiti, ziwa likiwatema kama mbegu za chungwa. Opendi halikumtema. Nilikaa ufukweni Majanji mpaka wanawake wa samaki wakanizoea, wakaanza kuniachia majiko yao niwaangalizie. Waliponirudisha Nabuyoga nilikuwa sili. Si kwamba nilikataa. Chakula kilifika mdomoni, kikauliza njia, nami nikasahau kukielekeza. Nguo zangu zilianza kuzunguka zenyewe, mimi nikiwa nimesimama.

Ndipo siku moja simu yangu ikapata ujumbe wa sauti, kutoka namba ya Kenya nisiyoijua. Nikabonyeza. Kwanza kikohozi, kile chake cha vumbi la samaki. Kisha:

"Mama, niko salama. Msinitafute, huku visiwani mtandao ni mbaya. Meza dawa yako ya presha. Nakuja."

Siku hiyo nilikula ugali wa wimbi mpaka nikaona haya.

Ujumbe ulikuwa na mkia, maneno machache ya kumcheka baba yake. Huo mkia niliuficha. Mtoto akimcheka baba kwa mama, mama anameza. Kila aliyeniuliza nilimwambia mpaka pale pa "Nakuja", basi. Nilisikiliza peke yangu, simu nimeibana sikioni, sauti chini kabisa, maana hapa kwetu ukuta una masikio na masikio yana midomo.

Mzee hakutaka kusikia. Nilimwita mara nyingi: "Baba Opendi, njoo umsikie mwanao." Anachukua fimbo. "Nakwenda kuwaona mbuzi," anasema. "Mimi sisikilizi mtu nisiyemwona." Mbuzi wale walionekana mwaka huu kuliko mbuzi wowote wa Tororo.

Nilipoipigia ile namba, haipatikani. Nikajiambia, si amesema mwenyewe mtandao mbaya?

Lakini ukoo una mambo yake. Mtu aliyechukuliwa na maji hawezi kuachwa bila kaburi. Nyumba haitulii, na wadogo wa ukoo hawaozwi. Kwa hiyo hukatwa shina la mgomba, likavishwa shuka, likazikwa kwa jina lake. Shemeji yangu Ofumbi, msemaji wa ukoo, akapanga iwe Jumamosi, akaja kunieleza. Huyu hunisemesha Kiswahili cha mpakani, ati Kipadhola changu cha Mteso kinamwumiza masikio.

"Mama Opendi, Jumamosi tunamuzika kijana."

"Mnamzika yupi? Wangu anakuja. Nyinyi zikeni mgomba wenu. Mimi nimekata migomba tangu niolewe, sijalilia hata mmoja."

"Hii sauti yako si ya mutu. Siku hizi kompyuta nasema kama mutu yeyote. Hata marehemu baba yetu inaweza kumufanya atangaze sabuni."

"Marehemu baba yenu sabuni aliijulia wapi?"

Hakucheka. Nilipoona hata hilo halikumchekesha, nikajua kaburi litachimbwa kweli. Nikamwambia, "Shemeji, twende kwa Akiror. Opendi alipiga muhuri kila kilichotoka kinywani mwake. Kama sauti hii ina muhuri wake, basi si ya kompyuta, ni mwanangu, na hakuna wa kuzikwa. Kama haina, panga nitashika mimi, huo mgomba niukate mwenyewe."

Ofumbi akakubali. Aliyekataa ni mume wangu.

"Kwa nini kumsumbua mtoto wa watu?" akasema. "Si sauti unayo? Kaa na sauti yako, Mama Opendi."

"Kaburi linachimbwa, Mzee."

"Nitazungumza na Ofumbi waahirishe."

"Waahirishe mpaka lini?"

Akainama kufunga kamba za viatu, halafu akakumbuka hajavaa viatu. Alikuwa na ndala. Nyumbani alikuwa na viatu vya Opendi, vya kahawia, vizuri, alivyovaa kanisani kila Jumapili ingawa vilimbana. Tangu mwezi wa saba alikuwa amevitundika ukutani, akasema vimetoa msumari. Nilidhani ni majonzi. Basi akatufuata vile vile na ndala zake mpaka Busia, akikaa nyuma yetu kama mtu anayepelekwa polisi.

Akiror alituweka kwenye benchi katikati ya simu zilizofunguliwa matumbo. Yeye huniita Toto, ndivyo sisi Wateso tunavyomwita mama. Kwa Kiswahili ningekuwa mtoto, na mtoto mwenyewe mkubwa hivi.

"Nieleze vizuri," nikamwambia, "na huyu shemeji asikie, asije akasema tumekula njama. Muhuri huo ni nini?"

"Kila faili, Toto, ina alama yake, kama dole gumba. Ukikata hata pumzi moja kwenye sauti, alama inabadilika yote. Programu inachukua ile alama, si sauti, inaipeleka kwenye kitu wanakiita blokcheni. Ni kama tangazo la ndoa kanisani. Padri akishasema mbele ya watu wote, huwezi kuzunguka nyumba kwa nyumba kuwaomba wasahau."

"Na kama nina pesa ya kuwahonga?"

"Hawa wako dunia nzima, Toto. Na kila tangazo limefungwa kwenye lile lililotangulia, kama ng'ombe waliofungwa mkia kwa pembe. Ukivuta mmoja wa nyuma, wote wanapiga kelele."

"Na siku ya tangazo haibadiliki?"

"Siku haibadiliki."

"Hata na serikali?"

"Hata na serikali."

"Shemeji umesikia?" nikamwambia Ofumbi, nikimchapa goti. "Hata na serikali."

Nilimpa simu yangu. Akaihamisha sauti kwenye kompyuta yake, akabonyeza, ikatoka foleni ndefu ya herufi na tarakimu, kama maandishi ya mtoto mdogo aliyeachiwa kalamu. Akafungua nyingine, za mihuri ya Opendi, akaziweka juu na chini, akawa anazifuata kwa ukucha. Mzee alikuwa anatazama mlangoni.

"Zinalingana," Akiror akasema. "Ni faili yake. Haijaguswa hata nukta."

Nilipiga vigelegele mpaka wabadilisha pesa wa nje wakaingiza vichwa. Nikamgeukia Ofumbi. "Sabuni iko wapi sasa? Eh? Nenda ukawaambie wachimba kaburi jembe walirudishe shambani! Mwanangu yuko visiwani anakula sangara, nyinyi mnavisha mgomba shuka!" Nikasimama, nikacheza kidogo, magoti haya haya. Ofumbi alikuwa ameshika kofia mkononi.

Akiror hakucheka nami. "Toto, keti."

"Niache nicheze."

"Keti, mama yangu."

Nikaketi.

"Muhuri ni wa mwezi wa tatu."

"Mwezi wa tatu wa wapi? Sauti ilinifikia mwezi wa saba."

"Ilikufikia mwezi wa saba. Lakini ilikuwapo tangu mwezi wa tatu. Ilipigwa muhuri kwenye ile simu yake ya zamani, yenye kioo kilichopasuka. Nafikiri alirekodi akiwa visiwani, mtandao ukakataa, ikabaki humo bila kwenda."

Mwezi wa tatu alikuwa visiwani, kweli. Alirudi mwenyewe na sangara mabegani, akaniuliza mbona sikujibu ujumbe, nikamwambia ujumbe gani, tukacheka, tukala samaki.

"Labda tarehe imekosewa," nikasema.

Akiror akaigeuza kompyuta niione tarehe mwenyewe. Alijua ninajua. Mimi ndiye niliyeuliza kama siku inabadilika, nikauliza na habari ya serikali, mbele ya shahidi. Kila dirisha ambalo ningeweza kupitia nililipigilia misumari kwa mkono wangu, tena kwa furaha.

"Muhuri hauwezi kusema kama yuko hai?"

"Hauwezi, Toto. Unasema tu kwamba siku ile maneno haya yalikuwa yameshasemwa. Hakuna sauti yake nyingine baada ya ziwa. Nimetafuta kabla hamjaja. Tangu niliposikia habari, nimekuwa nikitafuta."

Machozi yake yalidondokea simu ya mtu. Yangu hayakutoka. Yalikuwa yamekwenda mahali kunisubiri, na yalinisubiri mpaka Jumamosi.

"Shemeji," nikamwambia Ofumbi, "chimbeni."

Alitaka kusema jambo, maana yeye daima ana jambo, lakini akaweka kofia yake juu ya goti langu, sijui kwa nini, akaiacha pale.

"Na aliyenitumia ni nani?" nikamwuliza Akiror.

"Muhuri haujui aliyetuma. Unajua faili na siku, basi. Na laini ya Kenya, hapa Busia mtu yeyote anainunua kama karanga."

Mzee akakohoa kule mwisho wa benchi. "Twende nyumbani," akasema. "Mbuzi hawajanyweshwa."

"Mbuzi watasubiri. Akiror, iwashe. Kwa sauti kubwa. Nimekuwa nikimsikiliza kama mtu anayekuja. Nimsikilize mara moja kama mtu aliyekwenda."

Akaiwasha. Sikuweza kuitazama ile kompyuta, kwa hiyo nikamtazama mume wangu. Kifua chake kilipanda, kikasimama, na papo hapo kikohozi cha Opendi kikatoka. Kifua kikashuka. Mwanangu akasema, "Mama, niko salama," na midomo ya baba yake ikasema vile vile, bila sauti, ikitangulia kidogo, kama mtu anayemwongoza kipofu kwenye ngazi. Visiwani. Mtandao. Dawa ya presha. Nakuja.

Pale Ofumbi aliinua kichwa, akidhani yamekwisha, maana ndivyo nilivyowaambia wote. Midomo ya Mzee haikusimama. Iliendelea, ikatabasamu hata, na machozi yakapita katikati ya lile tabasamu, na mwanangu akaja nyuma yake akicheka:

"Halafu Mama, mwambie mzee aache kuvaa viatu vyangu kanisani. Vinambana, anatembea kama kuku aliyefungwa miguu."

Nje mtu alikuwa anaita abiria wa Tororo.

"Baba Opendi," nikamwambia polepole, "sauti hii ulishawahi kuisikia?"

"Mimi?" Akavuta ndala zake chini ya benchi. "Lini? Sijawahi. Si unajua mimi huenda kwa mbuzi?"

"Na midomo iliyokuwa inacheza?"

"Nilikuwa nasali."

"Unasali."

"Nasali, Mama Opendi. Namwombea mtoto."

Nikaichukua kofia ya Ofumbi nikamrudishia, nikasogea kwenye benchi mpaka bega langu likagusa la mume wangu.

"Sala gani hiyo, mzee wangu," nikamwuliza, "yenye kuku aliyefungwa miguu?"