Friji la Kampuni

Siku Fundi alipoinua kibao cha kaunta na kupita nyuma bila kuomba ruhusa, Dereva aliikaba glasi yake kama shingo ya kuku.

Nyuma ya kaunta ile hakuwa anapita mwanamume. Yeye Dereva, tangu amzike mkewe na kuanza kuja pale kila jioni, ameshagongelea viti misumari, ameshazibua sinki, ameshabadilisha balbu ya mlango wa choo. Bado akitaka kunawa mikono husimama kama mwanafunzi, "Mama, naweza?" Naye mwenye baa, ambaye wote humwita Mama Kaunta, humletea jagi, akanawa akiwa upande ule ule wa wateja. Leo Fundi kapita na ndoo yake ya chupa, kachuchumaa mbele ya friji, anapanga kama yuko kwao.

"Sogeza hizo za mbele," Mama Kaunta akamwambia. "Zako zitie nyuma, zisionekane."

"Kwani zangu zina aibu?"

"Zako hazina shati, Fundi."

Wakacheka wote wawili. Dereva hakucheka. Aliitazama ile shingo ya Fundi, nene, inang'aa jasho, akajiuliza mwanamke anaona nini pale.

Ni kweli chupa za Fundi hazikuwa na shati. Alikuwa akiziokota tupu, anazichemsha, anazijaza bia anayoipika mwenyewe uani kwake nyuma ya geti la mabati, kisha anazifunga uzi mwekundu shingoni zisichanganyike na za wengine. Lebo hana, tangazo hana. Wanywaji wenyewe wakaipa jina: Uzi. Na sasa kila anayeingia, kabla hata hajakalia kiti, "Mama, nipe Uzi!"

Fundi na Dereva walikuwa kampuni moja zamani, ile ile yenye lebo ya dhahabu inayojaa kwenye friji. Fundi alichomelea mapipa, Dereva aliendesha lori la bia. Halafu kampuni ikauzwa kwa kampuni kubwa zaidi, ya mbali huko. Waliouza walikaa ghorofani wakapeana mikono. Waliokuwa chini wakaambiwa warudishe sare. Na sare haikurudi peke yake. Kadi ya hospitali nayo ilirudi, wakati mke wa Dereva yuko katikati ya matibabu. Akafia nyumbani, macho kwenye dari, mumewe kamshika mkono hana la kumpa. Wenye saini zao hata hawakujua, na wangejua wangefanya nini? Wakubwa wanajuana wenyewe.

Hayo Dereva aliyasema kila jioni pale kwenye stuli yake. Ila aliyasema na chupa ya kampuni mkononi. Aliibeba bia ile nusu ya maisha yake, kwenye matope na kwenye vumbi, na kuiacha sasa aliona kama kukubali kwamba alibeba takataka. Basi aliwatukana wakubwa huku anakunywa chao.

"Dereva, onja Uzi basi," akasema Kinyozi, ambaye mdomo wake ulikuwa mkali kuliko wembe wake. "Wenzako tumeshahama."

"Sinywi maji ya uani."

"Maji ya uani, lakini yanamchekesha mama. Wewe umeikarabati baa nzima hujaonyeshwa hata jino!"

Baa ikalipuka kwa kicheko. Dereva akatabasamu kwa shida. Maana Kinyozi alikuwa amegusa kidonda bila kujua. Dereva alikuwa ameshayapanga maneno. Mama Kaunta ni mjane, yeye ni mgane. Kwa nini kila mtu apike sufuria yake, afunge mlango wake, akohoe peke yake? Alishayasema maneno hayo mbele ya kioo akinyoa ndevu, na shati jipya alishalinunua. Alikuwa anangojea siku baa iwe tulivu. Sasa huyu Fundi, ambaye mkewe alimkimbia, naye hana kizuizi chochote. Na yuko nyuma ya kaunta.

Fundi alipoondoka, Dereva akainamia kaunta.

"Mama, sheria ya friji unaijua."

"Naijua, kaka."

Kaka. Neno hilo nalo lilimchoma. Fundi hakuwahi kuitwa kaka.

Sheria yenyewe ni hii: kampuni hukupa friji bure, refu, lenye mlango wa kioo na taa ndani. Hulipii hata senti. Lakini humo ndani isilale chupa ya mtu mwingine. Dereva aliijua vizuri maana yeye ndiye aliyekuwa akiyashusha mafriji hayo kwenye mabaa, na kuyafuata pale watu walipokaidi.

"Basi mtoe Fundi na chupa zake," akasema.

"Na kampuni nani atawaambia?" Mama Kaunta akauliza, akaenda kumhudumia mteja.

Usiku ule Dereva alilala kama aliyelalia mawe. Asubuhi akavaa shati lake jipya, akaenda ghala la kampuni. Mlinzi wa getini hakumfahamu. Alimsubirisha juani, hapo hapo alipokuwa akipiga honi zamani na geti likafunguka lenyewe. Mwishowe akatoka afisa mauzo, kijana wa shati la kubana na simu mbili.

"Shikamoo mzee. Nikusaidie nini?"

Dereva akamweleza. Hakutaja jina la Fundi. Alisema tu kuna chupa za uzi mwekundu, nyuma ya zile za mbele. Njiani kurudi alijifariji. Enzi zake ungeonywa kwanza, mara ya pili ukanyang'anywa mgao wa bia, friji lilikuwa la mwisho kabisa. Watakuja, watazitupa nje chupa za Fundi, watamfokea kidogo mama, basi. Naye atakuwa pale pale kumpoza. Hata alianza kupiga mluzi.

Lori likaja Jumamosi mchana, baa inaanza kujaa. Wapakiaji wakaingia moja kwa moja, wakachomoa waya. Taa ya friji ikazima. Afisa mauzo akafungua mlango wa kioo, akatoa Uzi moja, akaining'iniza kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

"Mama, hii nini?"

"Bia," akasema Mama Kaunta.

"Si yetu."

"Ndiyo maana inaisha mapema."

Watu wakacheka, lakini kicheko cha woga. Dereva akaruka kutoka kwenye stuli.

"Mpeni onyo kwanza! Sisi tulikuwa tunaonya!"

"Utaratibu umebadilika, mzee. Hata hivyo hatuna ubaya na mama." Kijana akatoa karatasi. "Asaini hapa kwamba hiyo ya uzi haitakanyaga tena humu. Friji linabaki, na mwavuli mpya wa nje tunampa."

Kumbe imekuwa nyepesi hivi! Saini moja tu, na Fundi hana tena sababu ya kuinua kile kibao.

"Saini, mama," akasema kwa hamu. "Friji kama hili utalipata wapi? Saini tu."

Mama Kaunta akamgeukia. Akakitupa kitambaa cha kufutia glasi begani.

"Wewe, kaka? Wewe ndiye unaniambia nisaini?"

"Nakutakia mema."

"Unajua kwa nini nilimfuata Fundi? Mimi ndiye niliyemfuata, yeye hakuja. Kila jioni unakaa hapo, unanieleza walivyomkatia mkeo kadi ya hospitali. Namwona yule dada kitandani kama nilikuwepo. Halafu ukimaliza nageuka, nakufungulia chupa yao, nachukua hela, napeleka kwao. Nikajiuliza, mimi ni mtu gani? Nikaenda kugonga geti la mabati. Nikamwambia Fundi, nipikie bia niuze bila kuona haya mbele ya yule mtu." Akavuta pumzi. "Nilikuwa nangoja siku utakayoniomba Uzi mwenyewe. Nilisema siku hiyo tutaongea vizuri."

Dereva akaificha chupa yake ya kampuni nyuma ya kiwiko.

Mama Kaunta akairudisha karatasi bila kuigusa kwa kalamu. "Bebeni friji lenu. Na viti vyenye nembo yenu bebeni. Wateja wangu miguu wanayo."

Wapakiaji wakazitoa chupa za ndani, wakalisukuma friji nje, likakwaruza sakafu mpaka mlangoni. Watu wakasimama kupisha, wengine wakajiinulia viti wenyewe wakavipandisha lorini kwa hasira. Kisha afisa mauzo, akiwa ameshashika mlango wa lori, akakumbuka jambo.

"Ee, mteremshieni mzee kreti lake!" Akamwelekea Dereva kwa tabasamu la mtu aliyefunzwa kutabasamu. "Asante kwa taarifa, mzee wetu. Kampuni haisahau watu wake."

Kreti likatua miguuni pa Dereva. Lebo za dhahabu zikameremeta juani.

Kinyozi, ambaye hajawahi kukosa neno, alitazama viatu vyake. Mama Kaunta naye hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alichukua tambara, akapiga magoti, akaanza kufuta ule mraba mweusi wa uchafu ulioachwa na friji. Aliufuta, akaufuta tena.

Fundi akaingia amebeba beseni la barafu na magunia yaliyoloweshwa, habari zilishamfikia. Akainua kibao, akapita. Mama Kaunta alimpisha bila kuinua kichwa, kama mtu anavyompisha wa nyumbani kwake.

"Mama, ngoja nikueleze," Dereva akasema.

"Kreti lako liko njiani, kaka. Watu wanapita."

Akaliinua. Mgongo ulimlalamikia, zamani alibeba mawili kwa mkupuo. Alifika barabarani, na ingawa alijikataza, aligeuka. Kupitia mlangoni aliwaona wamechuchumaa pamoja, wanazilaza chupa kwenye magunia, mikono yao wote wawili ndani ya barafu ile ile. Mama Kaunta alikuwa analia, na Fundi alikuwa anamsemesha kitu taratibu, naye mama akacheka huku analia.

Wivu ulimpanda Dereva mpaka machoni, dunia ikawa nyekundu. Lori la kampuni lilikuwa linakata kona, friji limesimama nyuma limefungwa kamba. Akalitazama hilo badala yake, maana hilo lilikuwa rahisi kulitazama.

"Mmenichukulia mke," akaliambia. "Na huyu naye mmenichukulia."

Kisha akalikumbatia kreti lisimdondoke, akashika njia ya nyumbani.