Swali la Wafagiaji Wanne

"Bomba moja linajaza tangi kwa saa sita, la pili kwa saa tatu," mfagiaji alinong'ona huku akipiga deki korido ya wodi ya wanawake. "Yakifunguliwa yote pamoja... saa mbili."

Hakuna aliyemsikia. Zamani walikuwa wanne hapo. Waligombania ndoo isiyovuja, wakasutana, wakacheka mpaka nesi akatoka kuwanyamazisha. Kisha kampuni ya usafi ikaanza kuwapunguza, leo huyu, kesho yule, akabaki peke yake. Siku hizi aliweza kumaliza zamu nzima bila kutamka lolote ila "samahani, sakafu imelowa." Nyumbani nako, tangu binti yake aolewe mbali, sufuria kubwa zilikuwa zimegeuzwa kifudifudi juu ya kabati.

Ndiyo maana alipoona tangazo la mtihani wa kumpata msaidizi wa stoo, hakuulizia mshahara kwanza. Stoo ilikuwa chini ya ngazi, na mtunza stoo alikuwa mzee waliyembandika jina la Bwana Glavu, kwa jinsi alivyokuwa mbahili wa kuzigawa. Mdomo wake haukupumzika tangu anafungua mpaka anafunga. Mfagiaji alijiona kabisa yuko mle ndani, anapanga sabuni na kubishana na mtu.

Mtihani ulifanyika kantini. Watahiniwa wengine walikuwa vijana, wameketi wawili wawili, wanataniana. Afisa utumishi, binti mwenye kucha ndefu, akagawa karatasi. Hesabu za mwanzo zilimwendea vizuri. Kisha akafika hapa:

"Wafagiaji wanne husafisha jengo kwa saa tatu. Mfagiaji mmoja atatumia saa ngapi?"

Akalisoma tena. Akaandika kumi na mbili, akikandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka. Akanyoosha mkono.

"Samahani mwanangu, hili swali mmelitunga nyie?"

"Yanatoka makao makuu, mama. Wewe jibu tu."

Mchana afisa alimwita ofisini. "Hongera, mama! Vijana umewaacha mbali. Kazi ni yako, unaanza kesho."

Alishindwa kuzuia tabasamu. "Asante sana. Basi ngoja nishuke kwa Bwana Glavu, tupange tutakavyosaidiana."

Afisa akashusha sauti. "Kwani hujaambiwa? Mzee anamaliza leo. Makao makuu wanataka mtu mmoja tu stoo. Na ile korido, utaendelea nayo kidogo asubuhi, mpaka tupate mtu."

"Mtampata lini?"

"Tunalifanyia kazi, mama."

Alimkuta mzee anafunga redio yake kwenye koti kuukuu.

"Shikamoo, baba. Haki ya Mungu, sikujua."

"Marahaba. Najua hukujua." Hakutia utani wowote. "Afadhali wewe. Nilidhani wataniletea mtu asiyejua hata harufu ya dawa ya sakafu. Njoo nikuoneshe."

Akamwonesha. Glavu kubwa rafu ya chini, ndogo ya juu. Dawa isikae karibu na sabuni. Mlango unainuliwa kidogo ndipo ufunguo unazunguka. Aliongea mbiombio, uso ameuelekeza kwenye rafu, na alipomaliza akajifuta pua kwa mkono wa shati.

Sauti ya msimamizi ikashuka kutoka juu ya ngazi. "We mama wa korido! Uko wapi? Huku kumemwagika dawa!"

Bwana Glavu akaibeba redio yake kwapani. "Unaitwa."

"Nimesikia."

Mfagiaji akausukuma mlango, ukajifunga wakiwa ndani wote wawili. Akavuta boksi la sabuni, akalikalia.

"Hizo glavu hazijanikaa kichwani," alisema. "Nielekeze upya."

"Si nimekueleza sasa hivi, na ukaitikia?"

"Nimesahau."

Mzee akamtazama. Juu, msimamizi aliita tena, safari hii kwa hasira. Mzee akaiweka redio mezani, akainamia rafu ya chini, na kuanza taratibu, glavu moja baada ya nyingine.