Jiwe Ndani ya Plastiki Nyeusi

Gloire, mujane aliyetoka Pweto, ng'ambo ya ziwa, anayekausha samaki pale Kashikishi, alinisimulia haya wiki ya Pasaka, tukiwa tunageuza chisense, dagaa wa ziwa letu, juani. Yeye naye alielezwa mengine na mutoto mwenyewe, Chisenga.

Chisenga alipovunja ungo, bibi zake walimuonya: damu yako isione moto, tumbo litakauka. Basi pedi za dukani hakuzichoma. Choo chao cha muchangani kilikuwa kimejaa maji. Kila mwezi akazifunga kwenye plastiki nyeusi, akatia jiwe, akaingia ziwani hadi kiunoni, akaziachia. Ziwa ni kubwa, alijiambia.

Asubuhi moja wavu wa baba yake, Chola, ukaleta furushi. Akalifungua mbele ya wavuvi. Jiwe, na pedi zimevimba kama mukate uliolowa. Hazikuoza hata kidogo.

“Nimelogwa,” akasema Chola. “Ni yule mujane. Samaki zake hazikosi wanunuzi. Leo atavuka arudi kwao.”

“Ba tata, ngojeni kwanza,” Chisenga akamwambia baba yake pale ufukweni.

“Ningoje nini? Aniletee la pili?”

Wanaume wakacheka, wakamfuata hadi kwenye vichanja vya Gloire.

Mambo ya damu mutoto hamwambii baba yake. Hupitia kwa mama. Na mama yake, Kalumba, alikuwa amekwenda Mwansabombwe. Chisenga akakimbia nyumbani, akarudi na pedi mpya na plastiki nyeusi. Akapiga magoti, akaviweka muchangani katikati ya baba yake na Gloire, macho chini.

Chola akatazama vile vitu. Akatazama maji, ambayo wote wanayanywa.

“Si yeye,” akawaambia wanaume. “Nendeni.”

“Ningetaka kukuloga, Papa Chola,” akasema Gloire, “nisingeharibu maji ninayopikia.”

Chola akaondoka. Gloire akamwinua Chisenga. “Unatembea kama mwenye kidonda. Moja unaivaa muda gani?”

“Alfajiri hadi giza, mama. Ili zitoshe.”

“Ndiyo maana imekuchubua. Kesho twende kiliniki.”

Jioni Chola alichimba shimo refu huko juu, penye udongo mugumu, mbali na maji. Kalumba, aliyerudi, ndiye aliyempeleka Chisenga kumwonyesha pa kufukia pedi. Kisha Chola akaenda kwa Gloire kuomba radhi.

Chisenga akalala kitandani macho wazi, akisikiliza. Baba alikawia huko. Mwishowe akasikia miguu yake mulangoni, ikikung'utwa muchanga bila hasira. Ndipo usingizi ukamchukua.