Ndoo ya Papa kwenye Barrière

Asubuhi ile nilikuwa nasugua ndoo ya mayonezi na majivu, juu hospitali haikuwa na chombo ingine.

Jana yake balipasua Papa. Papa alikimbia volcan mara mbili, vita hatuhesabu tena, kumbe kansa ilikuwa inamungojea kwa mutumbo. Kisha Dokta Bagalwa akaita famille tuone chenye ametosha ndani ya mwili. Ndiyo banafanyaka, mutu asiseme baliiba figo. Shangazi Ernestine akainamia beseni kama anachagua nyama sokoni.

"Dokta, mulisema mutumbo. Na hii ya pembeni?"

"Nusu ya kibofu. Kansa ilivuka kwa jirani. Nimekata vyote pamoja, isisambae."

"Ilivuka bila jeton ya mupaka," Shangazi akasema. Hata Mama alicheka kidogo.

Labo ya kuonyesha kama kansa yote ilitoka iko ng'ambo, Rwanda. Inapokea mpaka leo vendredi, saa kumi, kisha ni week-end. Bila jibu yake, dokta hajui atamupa Papa dawa gani. Mama analinda mugonjwa, Shangazi hana karatasi ya kuvuka. Bakanituma mimi na ile ndoo, mwenye hata darasani najibu na kichwa tu, bila sauti.

Kwenye barrière ya mupaka, agent mumoja, Papa Damascène, akasoma ndoo.

"Mayonezi kilo tano. Ya restaurant gani?"

"Haiko mayonezi."

"Sema na sauti."

Akafungua mwenyewe. Formol, ile dawa ya kuzuia kuoza, ikamupiga macho, akarudi nyuma mpaka akakaa.

"Nyama. Certificat ya vétérinaire iko wapi?"

"Haiko nyama. Ni papa yangu. Kidogo."

Bamama ba mustari bakasogea kuangalia ndoo. Kisha mumoja mwenye kitunga ya nyanya: "Chef, acha mutoto apite. Hiyo hata wewe hauwezi kula."

"Tulia, mama. Kama ni mutu, basi ni maiti. Maiti inaomba ruhusa."

"Mwenyewe iko hai," nikasema. "Asubuhi aliomba uji, bakamukatalia."

Papa Damascène akapekua makaratasi yake.

"Muzima huku, maiti huku. Formulaire ya hiyo hatuna. Tangu bakubwa ba sasa baingie, chef wetu mukubwa peke ndiye anaamua, na iko kwa réunion."

Akasukuma ndoo chini ya meza yake, akaniandikia numero ya simu ya chef.

Saa tisa na nusu nikamuandikia kwa WhatsApp:

"Bonjour chef. Ndoo ya mayonezi iko chini ya meza ya Papa Damascène. Labo inafunga saa kumi. Papa yangu anauliza kama amefika."

Alama mbili zikageuka bluu: chef amesoma. Saa kumi ikapita, zingali bluu, na ndoo ingali chini ya meza.