Mbabula ya Arlène

"Mama Levy, weye mutu wa maombi, ile filme ya zambi unairudilia ya nini?"

Arlène, jirani yake, alimuuliza Ennie vile siku moja, akisimama mulangoni na sahani ya unga mukononi, bwana yake Zéphyrin angali muzima. Ennie alimwambia akae aone mwenyewe. Arlène akakataa, eti joto ya mule ndani ya filme inamuumiza kichwa.

Filme ile iliachwa na marehemu Chisala, bwana ya Ennie, aliyekuwa akiwaonyesha wavuvi filme pale Kashikishi. Siku za kwanza Ennie alijifunika uso na kitenge. Ndani yake, muke wa tajiri wa barafu na fundi wa feni, katika muji wenye joto kama tanuru, walikuwa wakishikana bila haya, jasho ikiwatiririka shingoni, huku wakipanga kumuua bwana. Lakini Chisala alimufundisha kuangalia. Mwenye kutazama mara moja, alisema, anaona miili. Mwenye kurudilia anaona mikono. Na kweli, aliporudilia, Ennie aliona feni za muji zikisimama moja moja, na kivuli cha dirisha kikiwakata wale wawili vipande kama samaki juu ya ubao. Akaelewa kwamba filme haikuwa ikiisifu zambi. Ilikuwa ikiingojea tu, pasipo haraka.

Alhamisi hii mvua ilipiga mabati tangu asubuhi, ziwa halionekani. Ennie aliiweka tena ile filme kwa sababu moyo ulikuwa muzito. Jumamosi, ndugu za Zéphyrin wangevuka kutoka Kilwa, ng'ambo ya ziwa, kuja kumwachilia Arlène aolewe tena, kwani mwaka wa kilio ulikuwa umetimia. Levy, mutoto pekee wa Ennie, alitaka kumuoa. Na katika ukoo wao, mama wa muoaji ndiye anayesimama mbele ya ndugu za marehemu kusema kwamba mikono ya mutoto wake ni safi. Bila neno lile, ndoa hakuna.

Levy alikuwa ameketi nyuma yake, akishona wavu. Ndiye aliyekuwa na Zéphyrin ndani ya mutumbwi siku ya kifo chake. Alirudi peke yake saa tano ya asubuhi, akasema zoruba iliwapindua karibu na kisiwa cha Chisenga, mwenzake akazama. Watu walimulilia Zéphyrin, wakamushukuru Mungu kwa ajili ya Levy. Ennie alishukuru kuwapita wote.

Kwenye televizio, polisi alikuwa akipanda ngazi kupeleka habari ya kifo. Ennie aliijua sana sehemu ile. Lakini leo macho yake yalishuka mezani. Kila asubuhi yule mwanamuke aliandaa vikombe viwili. Asubuhi ya kifo aliandaa kimoja, na polisi angali kwenye ngazi.

Ennie akakumbuka mbabula ya Arlène, jiko lake la makala.

Kwao, nyumba ikifiwa, moto unazimwa kwa maji na majivu yanatupwa. Moto mupya hauwashwi mpaka kisha maziko. Asubuhi ile ya kifo cha Zéphyrin, jua likitoka, Ennie alikwenda kwa Arlène na kigae, kuomba makala ya moto. Alikuta mbabula imelowa, majivu yametupwa nyuma ya nyumba. Akaomba kwa jirani mwingine, akasahau. Mutumbwi wa Levy ulikuwa ungali ziwani.

Akaisimamisha filme.

"Levy. Ile siku ya Zéphyrin, asubuhi sana, nilienda kuomba moto kwa Arlène. Alikuwa amekwisha kuzima mbabula na maji. Weye ulikuwa haujafika. Nani alimwambia?"

Sindano ya wavu ikasimama. Levy alisema pengine makala ilimwishia tu.

"Makala ikiisha inazimika yenyewe, mutoto wangu. Nani anaimwangia maji?"

Kisha Levy akauliza, sauti chini, "Mama, Jumamosi utasimama ao hapana?"

"Nitasimama. Lakini uongo hautatoka mu kinywa yangu mbele ya Mungu. Nionyeshe mikono."

Levy aliificha chini ya wavu. Akaangalia kile kikombe kimoja kwenye televizio. Halafu akauweka wavu chini polepole, sindano ingali ndani, akatoka mvuani, mulango akiuacha wazi.