Aliyempepea Sultani

Sebuleni kwa Bi Bahiya, Tabata, watoto wa darasa la tatu walivua viatu mlangoni wakaketi kwenye mkeka. Mwalimu Kokuberwa alikuwa amewaleta waone picha ya sultani na familia yake, iliyochorwa kwa rangi za mafuta enzi za mababu. Ilijaza ukuta mzima, ndani ya fremu iliyochongwa upya Keko. Mwalimu alikuwa na shida nyingine pia: alitaka Tekla, binti wa kazi wa Bi Bahiya, aanze shule. Tekla alikuwa na miaka kumi na miwili, na wakati huo alikuwa jikoni akikuna nazi.

Bi Bahiya hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililochosha.

"Jumatatu mchukue, mwalimu," alisema kabla hata ya kubembelezwa. "Mie nitahangaika na vyombo vyangu."

Mwalimu alifurahi mpaka akasahau somo. Akawaambia watoto waanze na adabu, wawaamkie wakubwa. Wakamwamkia sultani, wake zake, na mama yake mwenye ushungi wa zari. Wote wakaitikia marahaba, sultani kwa sauti ya mtu mwenye mafua.

Nyuma ya kiti cha sultani alisimama kijakazi, kimo cha watoto wenyewe, ameshika upepeo.

"Mwalimu, na huyu mdogo?" aliuliza Hope.

"Mdogo wapi! Huyo kamzidi hata bibi yako. Mwamkie."

"Shikamoo," alisema Hope.

Kijakazi hakuwahi kuamkiwa. Alifikiri kidogo, akaitika, "Marahaba, mwanangu," akaweka upepeo chini, akajinyoosha sakafuni humo humo pichani kama mtu mzima aliyemaliza siku yake, akalala.

Haikuchukua muda sultani akaanza kutoka jasho. Rangi ya kilemba ikamtiririkia shavuni, na uso wa mwanamfalme mchanga ukateleza kuelekea kifuani. Feni ya umeme ilijaribiwa, ikabandua ndevu kidogo, ikazimwa. Bi Bahiya akaita jikoni. Tekla akaja na kipepeo cha jiko la mkaa, akasimama kando ya fremu, akapepea taratibu. Rangi ikatulia.

"Si tumwamshe yule?" alisema Hope.

Bi Bahiya akasogea, akaitazama miguu ya kijakazi iliyovimba. "Masikini ya Mungu. Kasimama tangu enzi za babu wa babu yangu. Nani mwenye roho ya kumwamsha?"

Mwalimu hakuwa nayo. Ilikuwa huruma ya kweli kabisa, na aliichukia.

Watoto walipokuwa wakivaa viatu, Tekla aliuliza bila kusimamisha mkono, "Mwalimu, Jumatatu si nakuja?"

"Akishaamka tu, mwanangu," alisema mwalimu.

Kwenye picha, mama yake sultani alikuwa amevua ushungi wake na kumfunika kijakazi, upepo wa Tekla usije ukampiga.